Mlingoti wa Tutani Umeinama

Nchi hii si yako. Nalisema mwanzo kabisa ili tusigombane. Si yako, na wala si ile ya jirani yako unayoidhania. Jina lake siliandiki, maana kila nilipolitaja safarini msikilizaji aliangaza huku na huku, akanivuta pembeni na kuninong'oneza: "Mzee, nani kakusimulia mambo yetu?" Nimechoka kuvutwa pembeni.

Mimi nimezunguka nchi nyingi nikinoa visu na mapanga kwa gurudumu langu la mguu. Shule niliisoma kwa kuonja, darasa moja huku, jingine kule, kwa hiyo mambo makubwa ya serikali yakinipita msinicheke. Nasimulia nilichokiona. Kwa nini kilikuwa sawa, hilo wapo wenye elimu ya kulieleza.

Basi, nchi ile iliipenda bendera yake. Hakuna ubaya hapo. Asubuhi ikipandishwa na jioni ikishushwa, askari alipuliza filimbi, na kila mtu alisimama vilevile alivyo, mpaka bendera ikunjwe na filimbi ya pili ilie. Niliona kinyozi kasimama na wembe shingoni pa mteja, mteja kafumba macho, wote wawili wakiipenda nchi. Niliona mama kainua kijiko aonje mchuzi, mchuzi ukapoa hewani. Niliona mwizi wa kuku na mwenye kuku wamesimama karibu kushikana, kuku katikati yao akiendelea kudonoa. Filimbi ya pili ilipolia wakaendelea kukimbizana pale walipoishia.

Mji nilioshukia uliitwa Tutani. Juu yake lilikuwa bwawa kubwa, limezuiwa na tuta refu la udongo, na mji wenyewe ulikaa chini ya tuta kama paka chini ya meza. Rais wao wa kwanza alipolifungua bwawa lile alisimika mlingoti katikati ya tuta, juu kabisa, akasema: "Kuanzia leo maji yatakuwa chini ya bendera, na wananchi watakuwa chini ya maji." Watu walipiga makofi. Ukiyafikiria maneno hayo unaweza kushtuka, lakini siku ile palikuwa na ngoma.

Nilipofika mimi, mlingoti ulikuwa umeanza kuinama.

*

Nilipata mahali pa kulala kwa Hamduni, fundi baiskeli, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, mgongo wake ukilielekea tuta. Alikaa na mkewe Siwema na mama yake, Bi Kidawa, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa zamani. Hamduni alikuwa amemtengenezea mama yake kiti cha kubebea. Akikifunga mgongoni kwa mikanda, mama alikaa mgongo kwa mgongo na mwanawe. Mwana alitazama waendako, mama alitazama watokako. Kwa pamoja hakuna umbea uliowapita.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta Siwema jikoni amechuchumaa, anapuliza moto usiowaka. Mafiga yalikuwa yamekaa ndani ya maji. Chura mmoja alikuwa juu ya kinu.

"Karibu, babu," akaniambia. "Sogeza huyo, ukae."

"Mvua imeingia?"

"Mvua ya wapi, na jua lote hili? Yanatoka chini. Jana yalinifika kifundoni, leo yananitafuta goti."

Nikatoka kutazama. Tuta lilikuwa limesimama pale nyuma ya jiko, limepasuka kwa marefu. Ule ufa mtu mmoja alikuwa ameupaka chokaa nyeupe vizuri sana, kwa sababu kiongozi fulani alikuwa amepita wiki iliyotangulia. Pale maji yalipochuruzika palipandwa maua. Kibao kilisomeka: BUSTANI YA AMANI. HAIHITAJI KUMWAGILIWA.

"Hamduni analijua hili?" nikauliza.

"Muulize mwenyewe. Huyo anakuja na chama chake."

Hamduni aliingia amevaa kitambaa chekundu mkono wa kushoto. Ni lazima nieleze. Waliokaa upande wa mashariki, wakiutazama mlingoti, waliuona umelalia kushoto. Waliokaa magharibi waliuona umelalia kulia. Ulikuwa mlingoti uleule. Lakini jambo hilo lilikuwa limevunja ndoa, limegawa kwaya, na kwenye kahawa watu walikaa mabenchi mbalimbali. Hamduni alikuwa katibu wa Wakushoto.

"Mgeni," akaniuliza kabla hata ya salamu, "wewe umetembea. Mlingoti umelalia wapi?"

"Sijaangalia vizuri, bwana."

"Hao ndio wabaya kuliko Wakulia! Wasioangalia!"

"Hamduni," Siwema akasema, "jiko limejaa maji."

"Nimekusikia. Tukishamaliza suala la kitaifa."

"Mimi nasimama mlangoni pa jiko hili kila siku," akasema Siwema. "Mlingoti haulalii kushoto wala kulia. Unakuja kwetu."

Bi Kidawa akacheka kitini pake. "Mkwe wangu ana maneno! Mlingoti umenyooka. Umenyooka tangu siku ile ya kufungua bwawa, niliuona kwa macho yangu." Na ni kweli aliuona siku ile. Baada ya miguu kufa, kila alipobebwa kwenda kuipa bendera heshima, Hamduni alielekea mlingoti, na mama alielekea soko la samaki.

"Mama," Siwema akamshika magoti, "twende juu kwa dada yangu. Siku chache tu. Kule kilimani kukavu."

"Nihamie kwa watu nikiwa na kwangu? Mume wangu aliijenga nyumba hii. Nitatoka nimebebwa."

"Kila siku unabebwa, mama."

"Wewe unajua nasema kubebwa kupi."

*

Serikali haikulala. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu wapo watakaosema ililala. Waziri wa Heshima za Taifa alikuja mwenyewe. Kabla hajafika, askari walisukuma mlingoti ukanyooka. Alipofika ulikuwa umerudi.

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mkande, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alifanya utambulisho. Alimtambulisha Waziri, akamtambulisha mke wa Waziri, akamtambulisha dereva, akawatambulisha waliotaka kuja wakashindwa. Jua lilihama kutoka bega moja hadi jingine. Kisha Waziri akasimama.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa! Nimeuona mlingoti. Nimehuzunika. Nikajiuliza, je, ni mlingoti ulioinama, au ni sisi tuliosimama kwa kiburi?"

Watu wakatazamana. Hawakuwa wamelifikiria hilo.

"Taifa haliwezi kuwa upande mmoja na wananchi upande mwingine! Kwa mamlaka niliyopewa, natangaza Mwinamo Rasmi. Kuanzia leo, filimbi ikilia, kila raia atainama sawasawa na mlingoti. Tukiinama wote, hakuna atakayesema umeinama!"

Nilipiga makofi na mimi. Ilikuwa hesabu nzuri, ikaniuma tu shingo.

Ukaja wakati wa maswali. Siwema akanyoosha mkono. Hamduni akauvuta chini, mkewe akanyoosha wa pili.

"Mheshimiwa, mimi nakaa chini ya tuta hili. Jikoni kwangu maji yanatoka ardhini. Tuta limepasuka. Hatuwezi kwanza kuangalia kilicho chini ya mlingoti?"

Waziri akatabasamu kwa upole mkubwa. "Mama, swali zuri sana. Mpigieni makofi. Lakini leo tuko kwenye mlingoti. Maji yana wizara yake."

Ni kweli yalikuwa na wizara yake, nayo ilikuja. Mabwana wawili waliovaa buti walichota maji ya jikoni kwa Siwema, wakayaweka kwenye chupa, wakayatikisa, wakayaonja. Wakasema ni safi kuliko ya bomba, wakampongeza kwa kuwa na chemchemi, wakaondoka.

Mwinamo Rasmi ulianza kesho yake. Wakaguzi walizunguka na kipimo cha mbao kilichochongwa na seremala, wakikiweka mgongoni pa mtu. Mwanzoni haikuwa taabu. Lakini kila wiki mlingoti ulizidi, na seremala akachonga kipimo kingine. Masika yalipokaribia, watu walikuwa wakianguka kwa uzalendo. Mwalimu mkuu aliangukia ubao. Wazee waliruhusiwa kushika ukuta, mradi ukuta nao uwe umeinama, na pale Tutani kuta za namna hiyo zilikuwa zimeanza kupatikana.

*

Mvua zilianza milimani, huko juu ya bwawa. Pale mjini hapakuwa na hata tone. Palikuwa na mdahalo.

Wakushoto na Wakulia walikuwa wamekubaliana, kwa mara ya kwanza, kukutana uwanjani chini ya tuta na kupiga kura, ili ijulikane mara moja mlingoti umelalia wapi. Mji mzima ulikuja. Mimi niliweka gurudumu langu kando ya jukwaa, maana watu wenye hasira wananoa visu vizuri.

Asubuhi hiyo Siwema alinishika mkono, akanipeleka jikoni. Akaonyesha kwa kidole. Maji yaliyokuwa meupe sasa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuta lilikuwa linakuja nayo, kidogokidogo, kama sukari kwenye kikombe.

"Vyura wameondoka," akasema. "Wote. Babu, mimi nina mama mkwe asiyetembea na mume asiyesikia. Nifanye nini?"

Mimi nanoa tu.

Jioni akaenda uwanjani. Nilimwona akipita kwa Hamduni kwanza, aliyekuwa jukwaani na mama yake mgongoni.

"Hamduni, nakuomba kwa Mungu. Maji yamekuwa udongo. Mchukue mama, tuondoke."

"Sasa hivi? Mke wangu, tunapiga kura! Ukiniondoa hapa Wakulia wanashinda!"

"Wakishinda?"

"Utakuwa umelalia kulia!"

Siwema akamgeukia Mheshimiwa Mkande. "Mheshimiwa, tuta linakatika."

"Mama, mbona unarudia? Andika pingamizi baada ya matokeo."

Akapanda kiti, akapaza sauti: "Maji! Jamani, maji!" Mtu wa nyuma akampitishia kikombe.

Siwema akashuka. Akasimama kidogo, akaangalia mlingoti kule juu, akaangalia umati. Halafu akajifunga kanga kiunoni, akapanda ngazi za tuta.

Filimbi ikalia.

Mji mzima ukaganda na kuinama. Mheshimiwa Mkande kainama, mkono kwenye kofia. Hamduni kainama, kura yake kaishika juu. Mimi nimeinama, mguu kwenye gurudumu. Juu ya tuta askari mmoja akashusha bendera kwa kamba, polepole, na mwenzake kasimama kando na filimbi mdomoni. Katika mji wote, mtu mmoja tu alikuwa anatembea. Siwema alimfikia yule mwenye kamba bendera ilipomfika kifuani, akaichomoa kama anayeanua nguo kabla ya mvua, akakimbia nayo juu ya tuta kuelekea kilimani.

Hakuna aliyetikisika. Haikuruhusiwa.

Mheshimiwa Mkande alisema bila kusogeza midomo: "Filimbi! Puliza ya pili!"

"Haijakunjwa, mheshimiwa!" askari akajibu kutoka juu, naye kaganda vilevile.

"Inakimbia!"

"Ndiyo, mheshimiwa! Lakini haijakunjwa!"

Sijui tungeganda hadi lini. Aliyetuokoa ni Bi Kidawa. Kwa kuwa Hamduni alikuwa ameelekea umati, mama alikuwa ameelekea tuta, na aliona vizuri kuliko sisi sote.

"Bendera yetu!" akalia. "Inaibwa na mkwe wangu! Mwizi! Hamduni, mwanaharamu wee, nibebe tumkamate! Mwiziii!"

Katika nchi ile, ambayo si yako, ukipiga kelele za maji mtu anachungulia dirishani. Ukipiga kelele za mwizi, hata mgonjwa anavaa viatu. Umati ukapasuka. Wakushoto na Wakulia walikimbia bega kwa bega, wa kwanza wakiwa na mawe, wa pili wakiwa na mapanga niliyoyanoa mimi. Waliobaki majumbani wakatoka. Muuza uji akatoka na mwiko. Mkunga akatoka, na aliyezaa jana akatoka nyuma yake na mtoto kifuani, anatukana. Mheshimiwa Mkande alikimbia ameshika suruali. Niliacha gurudumu langu nikakimbia, sijui hata kwa nini. Niliona aibu kubaki.

Kilimani palikuwa na mteremko mkali, na Siwema alikuwa mwepesi. Alitulia kidogo ili tumkaribie, na akiona tumechoka, aliipeperusha bendera juu ya kichwa chake na kutuzomea: "Mmeshindwa na mwanamke! Wakushoto hamna miguu! Wakulia je?" Basi tukapata nguvu upya.

Hamduni alikuwa mbele ya wote, mama mgongoni. Macho yetu yote yalikuwa kwenye bendera. Macho ya Bi Kidawa peke yake yalikuwa tulikotoka. Ghafla alinyamaza kutukana. Kisha nilimsikia anasema, si kwa kelele, kama mtu anayejisemea: "Nyumba yangu. Ee Mungu. Nyumba yangu ile."

Hakuna aliyegeuka. Tulikuwa karibu kumkamata.

Tulimkuta Siwema juu kabisa, kakaa kwenye jiwe, anahema. Bendera ilikuwa mapajani pake, imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

"Nimeikunja," akamwambia askari. "Puliza."

Askari, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, akapuliza filimbi ya pili. Hapo ndipo tuliporuhusiwa kugeuza shingo, na ndipo tuliposikia ule mngurumo ambao, nadhani, ulikuwa umeanza zamani.

Chini hapakuwa na mji. Palikuwa na tope linalokwenda. Soko la samaki, shule, uwanja, jukwaa, sanduku la kura na gurudumu langu vilikuwa vimechanganyika. Jogoo mmoja alikuwa juu ya paa linaloelea, anawika.

Hamduni alitazama kwa muda mrefu. Kura yake ilikuwa bado mkononi. Akaiachia, upepo ukaichukua.

*

Kesi ilisikilizwa pale pale kilimani, ndani ya hema la misaada. Siwema alishtakiwa kwa kuchomoa bendera kabla haijafika chini. Mashahidi walikuwa mji mzima.

"Ulimwona akiikimbiza bendera?" hakimu akamuuliza kinyozi.

"Nilimwona, mheshimiwa. Nilimfuata mwenyewe hadi juu."

"Usingemfuata ungekuwa wapi?"

Kinyozi akafikiri. "Uwanjani, mheshimiwa."

"Uwanjani ndiyo wapi sasa?"

Kinyozi akaonyesha tope. Hakimu akakohoa, akamwita shahidi mwingine, na mwingine, na kila mmoja alithibitisha hivyo hivyo. Serikali ilikuwa haijawahi kupata ushahidi mzito namna ile, wala mashahidi wenye uhai kiasi kile.

Mwisho Hamduni akamleta mama yake. Ilibidi ampe hakimu mgongo, ili mama aonane naye.

"Bibi, wewe ndiye uliyepiga kelele za mwizi?"

"Ni mimi. Na ningejua ningepiga mapema zaidi. Alfajiri."

"Bibi, jibu unachoulizwa. Uliiona bendera ikiibwa?"

"Niliiona kidogo. Halafu nikaona tuta likifumuka kama mkate, na nyumba ya mume wangu ikiondoka na mlango wake. Hawa wote hawakuona. Walikuwa wanamtazama mkwe wangu. Mimi nilikuwa nimegeuzwa."

"Hilo la tuta liko nje ya shauri hili."

"Ndiyo, baba. Tangu mwanzo lilikuwa nje."

Hakimu alimtia Siwema hatiani. Lakini kwa kuwa gereza nalo lilikuwa limekwenda na maji, alihukumiwa kupandisha na kushusha bendera kila siku, hadi atakapojifunza kuiheshimu.

Waziri alirudi. Maji yalipopungua, mlingoti ulionekana kule mbali bondeni, umejichimbia kwenye tope, umesimama wima kabisa. Haukulalia kushoto wala kulia. Waziri alilia hadharani. "Tumefaulu!" akasema. Kamati ya Mlingoti ilipewa nishani, na seremala wa vipimo alipewa cheti. Kwa bahati mbaya hakuna aliyeweza kuufikia kwa sababu ya tope, ikabidi mlingoti mwingine usimikwe juu ya ukuta wa shule mpya, iliyojengwa haraka haraka ili watoto wasikose masomo. Mwinamo Rasmi haukufutwa. Walisahau.

Nilikaa mpaka nikapata gurudumu jingine, kisha nikaaga. Ilikuwa jioni. Filimbi ilikuwa karibu kulia, na watu wa Tutani walikuwa wamekusanyika mbele ya shule, vitambaa mikononi.

"Mzee!" Mheshimiwa Mkande akaniita kwa sauti yake nyembamba. "Kabla hujaondoka. Wewe ni mgeni, huna upande. Huu mpya, unauona uko sawa? Hawa wa huku wanasema umeanza kwenda kulia."

"Kushoto!" mtu akapiga kelele.

Niliangalia. Kisha nikamwangalia Siwema, aliyesimama chini ya mlingoti. Yeye hakuwa anautazama mlingoti. Alikuwa ameweka kiganja kwenye ukuta wa shule, palipoanza ufa, kama mtu anayempima mtoto homa. Akakitoa, akakitazama, akakifuta vumbi la saruji.

Kisha akajifunga kanga kiunoni, akashika kamba.

Nyuma ya umati nikasikia sauti ya Bi Kidawa:

"Hamduni. Kaza mikanda ya kiti."